Wimbo Mbaya wa Perpetua

Esta alinipigia simu kutoka Kitale nikiwa nachagua mchele barazani. Esta hana salamu fupi. Kwa kawaida huanza na mvua, akaja kwenye magoti yake, ndipo afike alikokusudia. Siku hiyo alisema tu, "Eda, Gedi ametutoka. Wamemzika jana alasiri. Halima, binti yake, amenipigia sasa hivi." Nikaweka ungo chini. Kisha Esta akasema, "Sasa nani atakayetuambia kwamba nyimbo zetu zilikuwa mbaya?" Hapo nikacheka, nikalia, nikacheka tena, hata jirani akaja kuchungulia kama nimepatwa na jambo.

Watu wa rika langu wakikutana, iwe harusini au matangani, hawakosi kuusema muziki wa siku hizi. Ni kelele, hauna maana, haufundishi kitu, na muziki ulikuwa ule wa ujana wetu. Mimi huwaacha waseme. Habari hiyo niliibishania mwaka mzima nikiwa msichana, na niliyebishana naye alikuwa anajua mashairi kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, na yeye alishikilia kinyume chake. Kwake yeye twisti yetu, magitaa yetu na akina Perpetua wetu walikuwa upuuzi mtupu. Sikumshinda, wala yeye hakunishinda. Lakini mwaka ule ndio ulionifanya mtu, na kama nina shukrani moja ya kutoa kabla na mimi sijaitwa, basi ni hii.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Nilikuwa muuguzi mpya, nimepelekwa Garissa bila kuulizwa, na niliingia mjini nimeketi juu ya magunia katika lori la msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu barabara ilikuwa ya mashifta, wapiganaji wa porini, na hakuna gari lililothubutu kwenda peke yake. Sisi tuliotoka pwani na bara tuliwaita mashifta. Wengine pale mjini waliwaita watoto wao. Serikali ilisema nchi ni moja haigawanyiki, wao walitaka kuungana na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, na katikati walikuwepo watu waliotaka kunywesha ngamia tu. Jua likitua, amri ya kutotoka nje ilishika, na mtu akikutwa njiani alikuwa na maelezo ya kutoa, akipewa nafasi ya kuyatoa.

Nilipangiwa nyumba na Esta, mpiga taipu wa ofisi ya wilaya, msichana mnene, mcheshi, aliyeleta gauni za kuchezea dansi mahali pasipokuwa na dansi. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mabati. Mchana huwezi kugusa chuma cha kitanda. Jikoni Esta alikaanga samaki wa mtoni, na harufu ikituganda mpaka kwenye mito ya kulalia. Mali yetu kubwa ilikuwa redio, tuliyoinunua kwa shirika kutoka kwa mwalimu aliyehamishwa, kubwa kama kasha, na betri yake nzito kama jiwe la kusagia. Tuliiweka dirishani juu ya kitambaa cha kufuma. Kila alasiri, tukitoka kazini, palikuwa na kipindi cha salamu: fulani wa Nakuru anamsalimu fulani wa Kisumu, aambiwe hajasahauliwa, kisha linapigwa gitaa. Mimi nilikuwa nimeshinda wodini na watu waliopasuliwa na risasi. Nikisikia hizo salamu za watu nisiowajua, nilihisi kama nimesalimiwa mimi.

Gedi alikuwa mkalimani wa hospitali. Bila yeye sikuweza hata kumuuliza mama wa Kisomali ni wapi panapomuuma. Alikuwa mrefu, mkavu, kikoi chake kisafi siku zote, na alitufundisha tumwite abti, yaani mjomba, naye akituita abaayo, dada. Alasiri alipita kutuletea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na Esta akayachemshia chai na iliki. Ndani hakuingia hata siku moja. Nyumba ya wasichana wawili wasioolewa haiingiwi na mwanamume, alisema, hata kama wanapika samaki. Basi tulimwekea kigoda nje, chini ya dirisha, na redio ikawa juu kidogo ya sikio lake. Ndivyo alivyoanza kuusikiliza muziki wetu, na ndivyo balaa lilivyoanza.

Wimbo uliopendwa mwaka huo ulikuwa wa Perpetua. Ulipigwa kila siku, siku nyingine zaidi ya mara moja, na sisi tuliuimba pamoja na redio, Esta akikata kiuno na mwiko mkononi:

Perpetua, Perpetua, njoo tucheze twisti,
ukikataa, Perpetua, mimi nalala na njaa.
Nitakungoja stesheni, treni ije, treni ende,
hata reli ziote kutu, Perpetua, niko papa hapa.

Mara ya kwanza Gedi aliusikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi, kama mtu anayesikiliza kesi. Kisha akauliza, "Hii wimbo, mwenyewe nani?"

"Hauna mwenyewe, abti. Ni wimbo wa redio."

"Ametunga kwa nini? Nani amemkosea?"

"Amekataliwa na msichana," Esta akasema.

"Sawa. Msichana amekataa kucheza. Sasa mwanamume analala njaa kwa nini? Chakula yote iko kwa huyu Berbetua?" P ilimshinda, ikitoka b, na v mara nyingine ikitoka f, na hakujali.

"Ni mapenzi, abti. Mtu akipenda hali."

"Mtu akibenda anatunga shairi, watu wanalia mbaka mbuzi inanyamaza. Huyu anaita jina tu. Jina, jina, jina, kama mtu amebotesa ngamia." Akanywa chai yake. "Fibaya sana, abaayo. Wallahi, fibaya."

Nilikasirika kama niliyetukaniwa mama. Nikamwambia hajui muziki. Akaniambia, taratibu, kwamba kwao mtu akitaka kusema shairi, kwanza hulitaja: hili ni la fulani, mtoto wa fulani, alilitunga mwaka ule wa ukame, kwa sababu hii. Asiyejua hayo na anyamaze. "Shairi bila mwenyewe ni ngamia bila chaba," alisema. "Mwizi tu ndiyo anatembea nayo." Nikaongeza sauti ya redio, ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Ajabu yake ni kwamba hakukosa. Akisikia wimbo mara mbili anao kichwani, neno kwa neno, kwa sababu watu wake walikua wakisomewa mashairi marefu usiku mmoja na kutarajiwa kuyabeba mpaka kisima kingine. Nasi tukazoea. Wimbo ukiisha, Esta alizima moto, nami nikaegemea dirisha, tukamngoja atoe hukumu yake. Huu hauna mwanzo. Huu unaanza vizuri kisha unachoka. Huyu anamsifu msichana kwa viatu, je, akivivua? Tulibishana mpaka jua lilipoanza kushuka, akakunja kikoi na kwenda zake kabla amri haijashika. Akiondoka alipitia hoteli ya chai karibu na soko la mifugo. Nilimwona huko siku moja nikitoka kununua sukari. Alikuwa amesimama, mkono ameuinua, uso mkavu kabisa, anasema kwa Kisomali kwa mwendo wa mashairi makubwa, na wazee wamemwinamia. Kisha nikasikia katikati yake "Berbetua," na wazee wale wakavunjika mbavu, mmoja akamwaga chai. Alikuwa anawatafsiria twisti. Nilicheka njia nzima, na sikumwambia kwamba nilimwona.

Sitaki mtu afikiri ulikuwa mchezo tu. Siku moja ilikuja habari kwamba ngamia wa shemeji yake, upande wa Bura, wamemiminiwa risasi kisimani. Gedi alikuja saa yake ya kawaida, bila maziwa. Aliketi. Redioni ukaanza wimbo wa Perpetua, na Esta akanyoosha mkono azime.

"Wacha," Gedi akasema. "Huyu mjinga hajui. Ni bahati yake."

Ulipokwisha, alinigeukia bila mzaha. Akasema watu wanakufa hapa, mifugo inakufa, na redio ya nchi nzima inalilia twisti. Siku moja mtoto wako atakuuliza, mwaka ule nyimbo zenu zilisema nini? Utamjibu nini? Nami, kwa kuwa nilikuwa kijana na nimechoka, nilimjibu kwa ukali. "Abti, mimi nashinda nikiosha damu. Jioni nataka kumsikia mtu ambaye shida yake kubwa ni Perpetua." "Hiyo imeingia," Gedi akasema. Ndilo bao pekee alilowahi kunipa. Lakini swali lake nimekaa nalo miaka yote hii, na kusema kweli, nikizisikiliza nyimbo zile leo kwenye vipindi vya zilipendwa, naona alikuwa na haki nusu. Zilikuwa nyepesi. Zilipita juu ya vichwa vyetu kama vile Garissa haipo Kenya. Nusu yangu ni kwamba zilitufikia, na sisi tulikuwepo.

Walimchukua wodini, asubuhi, akiwa ananitafsiria mama mwenye mtoto wa homa. Askari wawili walikuja, hawakupaza sauti, wakamwambia twende. Gedi alimaliza sentensi yake kwa yule mama kwanza, kisha akasimama. Siku zile waliochukuliwa namna ile wengine walirudi. Wengine tuliwaulizia tukaambiwa tusiulize. Mchana mkewe Fadumo alikuja langoni, Halima akiwa mchanga mgongoni. Alisema mengi, kwa haraka, na mimi sikuelewa hata moja, maana mtu wa kunitafsiria ndiye huyo aliyechukuliwa. Mwishowe alinishika mkono wa sare, akanitazama machoni, akasema neno moja nililolijua.

"Redio."

Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Nilikwenda moja kwa moja kwa Esta ofisini, na yeye alikwisha kuyasikia maneno ya huko. Alasiri, saa ileile ya salamu zetu, redio ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa ikitangaza kwa Kisomali, ikiwapa mashifta moyo. Kuisikiliza ilikuwa hatia. Na mtu fulani, asiyejua Kisomali cha kutosha, alikuwa ameona kwa macho yake: Gedi, kila alasiri, sikio dirishani kwa wale wasichana, kisha Gedi hotelini, amesimama, anawasomea wazee, na wazee wanamwinamia. Kwa watu wale, wanaobeba habari vichwani, hiyo ndiyo namna ya kutangaza. Angekuwa mtu mwingine mahali pengine, angeonekana anachekesha.

Esta aliogopa, na mimi niliogopa. "Tutafukuzwa kazi, Eda. Na huenda tukafungwa pamoja naye." Alikaa kitako mbele ya taipu yake, akaukunja na kuukunjua mkono wa gauni. Kisha akasimama. "Twende tuibebe. Waione wenyewe." Tukaipitia redio nyumbani. Mimi niliibeba ikiwa imefunikwa kitambaa chake, Esta akabeba betri ikimvunja mgongo, tukaupita mji mzima juani mpaka kituo cha polisi, na watu wote wakitutazama.

Aliyeishika kesi alikuwa inspekta kijana, mtu wa bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Gedi alikuwa kwenye benchi, mdomo umevimba upande mmoja. Alipotuona na mzigo wetu alitikisa kichwa, kama kusema mmefuata nini huku. Nikaiweka redio mezani. Nikasema redio ni yetu, na kila alasiri imefunguliwa kwenye salamu na twisti, hakuna kingine.

"Mtu mzima kama huyu anasikiliza twisti?" inspekta akauliza. Akamgeukia Gedi. "Ulikuwa ukisikiliza nini?"

"Nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Mbaya."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mzee, mimi si mtoto. Nani anakwenda kila siku kusikiliza kitu anachokiona kibaya?"

Swali lilikuwa la haki. Gedi akaanza kuusema wimbo wa Perpetua, kavu, bila sauti ya kuimba, mkono umeinuka kidogo. Alifika kwenye reli akasimama. "Hapa sasa. Anasema reli itaota kutu. Mimi nimeona reli Nairobi. Chuma inayobitiwa na treni kila siku haioti kutu. Ni mwongo. Mwongo na mjinga."

Nami, Mungu anisamehe, nikasahau nilipo. "Si mwongo, abti! Nimekueleza mara ngapi? Anasema atangoja hata hapo."

"Hata wabi?"

"Hata hapo reli zitakapoota kutu!"

"Lakini haioti, abaayo. Kwa hiyo hangoji."

"Ni mapenzi," Esta akaingia, betri bado mikononi. "Wewe kila kitu unataka kukipima kama mbuzi wa soko."

"Mbuzi wa soko ana faida. Berbetua ana faida gani?"

Tuliendelea. Sijui kwa muda gani. Tulirudi kwenye njaa, tukarudi kwenye viatu vya wimbo mwingine kabisa, Esta akamwambia ana wivu, mimi nikamwambia mashairi yake yote ni ngamia na ukame, naye akasema ndiyo, kwa sababu ngamia na ukame vipo. Ghafla inspekta akapiga meza kwa kiganja.

"Nyamazeni." Nilidhani tumekwisha. "Treni zitakuwa zimekoma," akasema, akitazama redio wala si sisi. "Ndiyo maana reli zina kutu. Treni haziji tena, na yeye bado yuko pale pale anangoja. Hilo la kutu ndilo neno zuri kuliko yote katika wimbo mzima."

Gedi aliinamisha kichwa akilipima neno, kwa uzito uleule aliokuwa akipimia nyimbo chini ya dirisha letu. "Hiyo," akasema polepole, "sikufikiria."

"Nilikuwa na gitaa kabla ya kazi hii," inspekta akasema, kama aliyeulizwa. Akajikohoza, akachukua kalamu. "Wachochezi hawagombani hivi. Nendeni. Redio chukueni, betri ibaki hapa. Na wewe mzee, huko hotelini, soma kitu kingine."

Tulitoka. Fadumo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta na mtoto. Alipomwona mumewe alisimama, akapangusa vumbi kwenye kikoi chake, wakaenda. Mimi na Esta tulirudi nyumbani na kasha lisilo na sauti, tukalia kama watoto.

Betri nyingine haikupatikana. Misafara ilileta unga, mafuta ya taa na risasi, haikuleta betri za redio. Alasiri ya kwanza nyumba ilikuwa kimya mpaka tukawa tunasikia mabati yakilia kwa joto. Hapo tukasikia kigoda kikivutwa chini ya dirisha. Gedi alikuja na maziwa yake, mdomo bado umevimba, akaketi, akakohoa. "Kutoka kwa Gedi wa Garissa," akasema, "kwa Sista Eda na Esta, waambiwe hawajasahauliwa. Wimbo wa kwanza. Fibaya sana." Kisha akausema, wote, neno kwa neno, na akaja na mwingine, na mwingine, nyimbo zote alizozidharau, kila alasiri, mpaka nilipohamishwa mwaka uliofuata. Hakuuimba hata mmoja, na kila mmoja aliukosoa. Nimesikiliza muziki mwingi tangu hapo, nimecheza dansi, nimezeeka nao. Sijapata kupigiwa wimbo na mtu kwa moyo kama ule.

Basi juzi nilikwenda Garissa kutoa rambirambi, mwanangu akiniendesha, barabara nyeusi ya lami na daraja, na mji uliojaa tuktuk hata sikuujua. Halima sasa ni nyanya mwenye miwani. Alinikalisha kwenye mkeka wenye mito, akanipa chai ya maziwa ya ngamia, yenye ile harufu ya moshi. Akanishika mkono. Kisha akaita, na akaja msichana wa shule ya msingi, mjukuu wake, Sahra, buibui limemzidi urefu.

"Baba alimfundisha kitu," Halima akasema. "Alisema ukija, akusomee."

Sahra alisimama katikati ya chumba. Akainua mkono kidogo. Nilijua mkono ule.

"Wimbo huu ni wa Eda, binti wa pwani, na rafiki yake Esta," akasema. "Ulisemwa hapa Garissa, mwaka wa taabu, mbele ya mtu mwenye bunduki. Kwa ajili ya wimbo huu babu yetu Gedi alirudi nyumbani, na nyanya yetu Halima akakua na baba."

Akausema wote, bila sauti ya kuimba, kuanzia twisti mpaka kwenye reli zenye kutu. Alipofika mwisho alishusha mkono, akanitazama.

"Wimbo wenyewe ni mbaya," akasema.

"Si mbaya," nikamwambia, machozi yakinitoka.

Sahra akavuta mto, akaketi mbele yangu, akakunja miguu.

"Babu alisema utabisha," akasema, akangoja nianze.